Matabishi: mkono unaotoa ni wa nani?



Kila mtu anayenunua ku soko ya Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi anajua neno hili: matabishi. Mama anakupimia meka ya bunga, na wewe unamwambia: «Mama, weka matabishi.» Anaongeza kiganja kimoja, anacheka, na wewe unacheka. Kesho utarudi kwake.

Neno lenyewe limetoka mbali. Ni la Kireno, mata-bicho, maana yake «kuua mdudu»: yule mdudu anayeuma tumboni asubuhi, wakati mtu hajakula kitu. Huko Angola mpaka leo mata-bicho ni chakula cha asubuhi. Kwetu likawa zawadi ndogo inayowekwa juu ya kitu ulichonunua. Kisha likapata maana ingine isiyo nzuri: pesa inayopita chini ya meza.

Leo tunataka kuzungumza nanyi, wazazi na vijana, juu ya matabishi ya watu wawili: yule anayefanya kazi ku magazini ya vyakula, na shofere anayemletea mizigo.

NAMNA INAVYOPITA

Tuseme wewe ni kijana, umepata kazi ku depo. Kamyo inafika kutoka Kasumbalesa na mifuko 400 ya bunga, kila mfuko kilo 25. Jua ni kali. Shofere amelala njiani, amechoka, anataka washushe mizigo upesi. Unamletea maji ya baridi na mkate ulionunua kwa pesa yako. Hapo umefanya vizuri. Ni ukarimu wa kwetu.

Lakini anakuvuta pembeni: «Mudogo, andika kama mifuko ine ilipasuka mu njia. Mbili yangu, mbili yako. Haiko wizi, ni matabishi tu.» Hakuna mfuko uliopasuka. Yeye anajua, na wewe unajua.

Siku ingine ni wewe unayeanza. Unamtilia shofere sukari na sabuni za magazini mu mfuko wake, kusudi naye akuachie katoni moja ya biskwiti ambayo haitaandikwa mu bordero. Kila mmoja anatoa mali ya mwingine, na wote wawili wanaitana marafiki wema.

Mifuko ine ni kilo 100. Nani atazilipa? Mara nyingi si tajiri. Atapandisha bei ya bunga, na mama yako atailipa akienda kununua. Ao atakata mshahara wa wale vijana waliobeba mifuko mgongoni, ambao hawakupata hata kiganja kimoja.

DESTURI HII ILITOKA WAPI?

Wazee wetu wanakumbuka posho. Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906, na nyuma yake Gécamines, walikuwa wanawapa wafanyakazi chakula: bunga, maharagwe, mafuta, samaki, chumvi. Mwenye bibi na watoto alipata zaidi. Watu walipanga mustari muchana, jina likasomwa, chakula kikapimwa. Posho haikuwa zawadi ya mtu. Ilikuwa sehemu ya malipo ya kazi.

Mu miaka ya 1990 Gécamines ilianguka, na mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka mara moja, mu ile mpango iliyoitwa «départs volontaires». Watu wakaishi kwa «Artikle 15», maana yake: jitafutie mwenyewe. Sisi hatuhukumu baba aliyekuwa anatafuta chakula cha watoto mu siku zile. Lakini desturi ya siku za njaa imebaki hata pale ambapo mshahara unatoka. Kijana anaingia kazini siku ya kwanza, na mkubwa anamfundisha «namna ya kuishi hapa» mbele ya kumfundisha kusoma bordero.

Tuseme kweli yote: patroni naye ana kosa lake. Yule anayelipa mshahara ambao hautoshi hata juma mbili, akisema ndani ya moyo wake «watajipanga», amefungua yeye mwenyewe mlango wa nyuma.

NAMNA YA KUPIMA

Ukipewa kitu kazini, jiulize maneno matatu.

1. Kitu hiki ni cha nani? Mama wa soko anaweza kukupa bunga yake. Shofere hawezi kukupa bunga ya tajiri.

2. Ninaweza kukipokea mbele ya watu wote? Zawadi haiogopi macho.

3. Nikikataa, kazi yangu itaendelea sawasawa? Kama sivyo, kile kitu ni bei, na siku moja utadaiwa.

UKIAMBIWA «TWAA»

Hauna lazima ya kugombana wala kufanya hotuba. Sema kwa heshima: «Yaya, asante kwa kunifikiria. Lakini hii mifuko haiko yangu, haiko yako. Mimi nitaandika 400. Maji na mukate, kula, ile ni ya bure.»

Watakucheka. Pengine watakuita mtu wa roho mbaya, na hawatakupa nafasi mu kamyo ukienda kusalimia wazazi. Ni uchungu, hatukufichi. Lakini kumbuka kwamba sheria ya kazi ya 16 oktoba 2002 inahesabu kukosa uaminifu kuwa kosa kubwa. Patroni anaweza kukufukuza bila préavis. Siku ile shofere atakuwa barabarani, na jina lililo mu kitabu cha depo litakuwa lako.

Na ninyi wenye magazini, saidieni vijana hawa. Mfuko ukipasuka kweli, upimwe na uandikwe mu kaye mbele ya shofere na wabebaji. Bunga inayobaki nzuri igawanywe juma mosi, mbele ya wote, kila mtu fungu lake. Shofere apewe sahani ya bukari inayojulikana, asiombe mlangoni. Kitu kilichoandikwa hakileti haya.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

– Baba akirudi na chakula kutoka kazini, watoto wanajua namna alivyokipata?

– Wewe kijana, ungejibu namna gani kama shofere ni mjomba wako?

– Mama, je, umekwisha kumsifu mwana kwa kitu ambacho haukumuuliza alikitoa wapi?