Asilimia 40 ya Dubai, kodi ya Wajir

Kuna takwimu moja ambayo maafisa wa viwanja vya ndege wameihifadhi kwa moyo, na yule niliyezungumza naye kuhusu viwanja vya kaskazini mwa Kenya aliitoa kabla sijamaliza swali: karibu asilimia 40 ya mapato ya viwanja vya ndege duniani haitokani na ndege. Inatokana na maduka, mikahawa, maegesho ya magari, mabango ya matangazo na kodi za vyumba. "Sisi huku tumelala," alisema. Kwa hesabu yake, vyumba vya biashara ndani ya ukumbi wa abiria vikikodishwa ipasavyo, kiwanja kama cha Wajir kitajilipia sehemu kubwa ya gharama zake, na wafanyabiashara wa Bute, Buna na Gurar, huko Wajir Kaskazini, watapata soko la abiria bila kulipa nauli ya Nairobi.

Takwimu yenyewe si ya uongo. Lakini ni wastani unaobebwa na miji michache. Maduka yasiyotozwa ushuru ya Dubai peke yake huuza bidhaa za zaidi ya dola bilioni 2 kwa mwaka. Ukichanganya Dubai na Wajir, ukagawanya, Wajir inaonekana tajiri. Nilimuuliza afisa huyo kiwango hicho ni asilimia ngapi kwa kiwanja chochote kimoja cha Kaskazini Mashariki. Akajibu kwamba hesabu bado zinafanywa. Hizo hesabu zimekuwa zikifanywa muda mrefu.

Wajir haina upungufu wa njia ya kutulia ndege. Kiwanja kilijengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya jeshi, na njia yake ya karibu kilomita 2.8 inapokea ndege kubwa kuliko zile zinazokuja kila siku. Kinachopungua ni watu. Ndege ya Nairobi ikijaa imejaa viti 40 au 50, na wanaoipanda ni walewale: mtumishi wa serikali, mwalimu, mfanyakazi wa shirika la misaada, mgonjwa anayepelekwa hospitali na jamaa yake mmoja, mfanyabiashara wa Eastleigh, Nairobi. Wengi walihamia angani kwa hofu, hasa baada ya basi kuvamiwa Mandera Novemba 2014 na abiria 28 kuuawa. Wanafika na tiketi iliyokwisha kuwakamua. Hawaji kununua manukato.

Wangenunua nini basi? Hapo ndipo nilipomtafuta mama mmoja aliyezaliwa Bute, anayeuza nyirinyiri, yaani nyama ya ngamia ya kukaanga, na maziwa ya ngamia, na ambaye aliwahi kukodi chumba cha chai katika kiwanja kimoja cha kaskazini alichoniomba nisikitaje. Malalamiko yake ni marefu, nami nimeyaacha yachukue nafasi kwa sababu sijapata hati yoyote ya serikali inayoyajibu.

La kwanza ni kodi. Alitakiwa kulipa kiasi kilekile kila mwezi, pamoja na amana ya miezi kadhaa mbele, kabla ya kuchemsha birika la kwanza. Ndege ikifutwa kwa sababu ya vumbi, au kampuni ikipunguza safari kutoka kila siku hadi siku chache kwa wiki, kodi haikushuka hata shilingi. "Kodi haiulizi ndege imetua au haikutua, kijana wangu," alisema. Ramadhani ndiyo iliyommaliza. Ndege za huko hutua mchana. Kwa mwezi mzima hakuna anayekunywa chai mchana, isipokuwa wageni wachache, na hao wenyewe huona haya kunywa mbele ya watu. Futari inapofika, kiwanja kimeshafungwa.

La pili ni maji. Anayejua visima vya huko anajua: maji yapo karibu, lakini yana chumvi. Maziwa ukiyachemsha na maji hayo yanaweza kukatika, na chai inakuwa na ladha ambayo mgeni wa Nairobi anairudisha. Ikabidi anunue maji yaliyosafishwa kwa mitungi, na kila mtungi upitie ukaguzi langoni. Umeme wa mji kwa miaka mingi umetoka kwenye mitambo ya dizeli, kwa hiyo friji ya chumba chake ilikuwa kabati la kawaida kwa saa nyingi za siku.

La tatu ni watu wake. Msichana wa kuhudumia mezani alihitaji cheti cha afya, cheti cha tabia njema na kitambulisho cha kuingia eneo la ndani. Kwa kijana wa Wajir Kaskazini, kile kitambulisho cha taifa chenyewe kilikuwa safari, kwa kuwa kwa miongo mingi waombaji wa mpakani walikuwa wakipitishwa kwenye kamati za uhakiki ambazo wenzao wa Nyeri hawakuzijua. Mama huyu anasema msichana aliyemchagua alingoja vibali mpaka chumba chenyewe kikafungwa. Muda kamili hakuutaja, wala sikumshurutisha.

Afisa wangu, nilipompelekea haya, alisema ni "changamoto za mpito". Kuhusu kodi alisema sheria ni moja kwa viwanja vyote. Hiyo ndiyo kasoro yenyewe, ingawa yeye aliisema kama sifa.

Hata hivyo katika jambo moja mama na afisa wanakubaliana, na nadhani wote wawili wako sahihi. Nyirinyiri ni bidhaa ya kiwanja cha ndege kabisa. Nyama ya ngamia hukatwa vipande virefu vyembamba, ikaanikwa, ikakatwakatwa vipande vidogo, ikakaangwa hadi isibaki na unyevu, kisha ikazamishwa kwenye samli yenye iliki na kitunguu saumu. Inakaa miezi bila friji. Hakuna mtu wa kaskazini anayekwenda kwa ndugu zake Nairobi mikono mitupu, na mkebe wa nyirinyiri ndio zawadi isiyopingwa. Lakini kwa joto la Wajir samli huyeyuka, na mlinzi wa mashine ya ukaguzi akikitikisa chombo akaona kinacheza, hicho kwake ni kimiminika, hakipandi na abiria. Ukikitia kwenye begi la chini, kinakula kilo zako chache ulizoruhusiwa, na mfuniko ukilegea nguo zako zote zitanuka hadi Eastleigh. Duka lililo ndani, baada ya ukaguzi, linaondoa tatizo hilo lote. Mikebe inakuja imefungwa na kukaguliwa kwa pamoja, abiria ananunua dakika za mwisho. Bila duka la ndani, biashara hiyo inabaki sokoni mjini, ambako mama wa Bute anauza kwa abiria yuleyule anayekimbilia uwanjani, na abiria anabahatisha na mlinzi.

Kwa hiyo soko lipo. Swali ni nani ataruhusiwa kulifikia, na kwa masharti gani.

Wajir ina kisa chake cha nafasi iliyopita. Kwa miaka mingi ndege zilizotoka Mogadishu kwenda Nairobi ziliamriwa zitue Wajir kwanza zikaguliwe. Abiria walishuka na mizigo yao, wakapekuliwa, wakasubiri, wakapanda tena. Amri hiyo ilikuwa imelegezwa, ikarudishwa Mei 2019, kisha Novemba mwaka huohuo viongozi wa Kenya na Somalia wakakubaliana kurudisha safari za moja kwa moja. Mei 2021 Kenya ikasimamisha safari za ndege za kibiashara kati yake na Somalia, na mwezi uliofuata ikaziruhusu tena.

Wanaopenda kutaja Dubai wangepaswa kutaja Shannon kwanza. Kiwanja hicho cha magharibi mwa Ayalandi kilikuwa mahali ambapo ndege za kuvuka Atlantiki zililazimika kutua kujaza mafuta. Mwaka 1947 wenyeji wakaona hao ni wateja waliofungiwa, wakafungua duka la kwanza la uwanja wa ndege lisilotozwa ushuru. Ndege za jeti zilipokuja na kuweza kupita bila kutua, serikali yao ilishikilia amri kwamba ndege za kati ya Ayalandi na Marekani zitue Shannon, ikailegeza miaka ya 1990 na kuiacha kabisa 2008. Wataalamu wa Shannon ndio walioitwa kuanzisha maduka ya Dubai mwaka 1983. Kiwanja kilicholazimishiwa wageni kilitengeneza biashara ambayo dunia nzima imeiga. Wajir nayo ililazimishiwa wageni, tena wenye dola mfukoni, lakini waliohesabiwa pale walikuwa watuhumiwa, si wateja. Nilipomweleza afisa wangu hilo, alisema usalama hauwezi kuchanganywa na biashara. Mama wa nyirinyiri alisema hakujua hata siku moja ndege hizo zinatua saa ngapi.

Historia ya Kenya yenyewe haimpi moyo mfanyabiashara mdogo. Mkataba wa maduka yasiyotozwa ushuru katika viwanja vya Nairobi na Mombasa ulitolewa mwaka 1989, na mgogoro wake ulipofika kwa wasuluhishi wa kimataifa, mwekezaji mwenyewe alieleza kwamba alitoa dola milioni 2 kwa rais wa wakati ule ili aupate. Oktoba 2006 wasuluhishi walitupa dai lake, kwa kuwa mkataba ulionunuliwa kwa hongo hauwezi kudaiwa. Hapo tunaongelea viwanja vyenye abiria mamilioni. Wajir hakuna atakayehonga kwa dola milioni, lakini kilemba kinajua kujipunguza kulingana na ukubwa wa mlango. Zanzibar nako, ukumbi mpya ulipoanza kazi, biashara ya maduka na vyakula ilikabidhiwa kampuni ya Dubai, na mwenyeji anayetaka kuuza karafuu humo hana budi kupitia kwake. Sisemi ni vibaya. Chai huko inafika mezani. Nasema tu kwamba mfumo wa mpangaji mmoja mkubwa ndio unaopendwa na wanaosimamia, kwa sababu anaandikiwa ankara moja.

Matarajio? Afisa ana matumaini makubwa. Mimi nayashika kwa vidole viwili. Isiolo ilipata ukumbi mpya mwaka 2017, kiwanja kikiwa kimegharimu karibu shilingi bilioni 2.7 na kupangiwa abiria 125,000 kwa mwaka, na miraa ilikuwa ipae kutoka hapo hadi ughaibuni. Abiria hao hawajaonekana. Sasa barabara ya Isiolo hadi Mandera kupitia Wajir, zaidi ya kilomita 700, inawekwa lami kipande kwa kipande. Ikikamilika na usalama ukishika, anayelipa tiketi ya ndege leo huenda akarudi kwenye basi, na mkebe wake wa nyirinyiri hautatikiswa na mtu. Au huenda lami ikaleta biashara, na biashara ikaleta wasafiri wa ndege. Nimesikia hoja zote mbili zikitetewa kwa sauti ileile na watu wasioishi Wajir.

Linalowezekana bila kungoja lami ni dogo. Kodi ifungamanishwe na mauzo au na idadi ya ndege zilizotua, badala ya kuwa kiasi kimoja tu. Ramadhani ihesabiwe. Chumba kimoja, hata cha futi kumi kwa kumi, kitengwe kwa bidhaa za wenyeji zilizokaguliwa na kufungwa. Afisa alisema mapendekezo hayo "yamepokelewa".

Kwa anayetoka Bute akiwa na fomu ya kuomba chumba mkononi, ushauri wangu ni mfupi: asome kifungu cha kodi ya chini, kisha atafute kifungu kinachosema kodi itakuwaje safari zikisimamishwa. Kama hicho cha pili hakimo, asitie sahihi.