Mfumo Haujagoma, Unakumbuka ya Jana

Kila msimu wa matokeo maneno ni yaleyale: "Mfumo umegoma." Mmoja anaona alama zake, mwenzake wa chumba kimoja anaona ukurasa wa muhula uliopita. Mwingine alipandisha barua ya fildi mwezi jana, leo anaambiwa hajapandisha chochote. Tunaishia kulaumu mtandao, au kumrushia maneno kijana wa TEHAMA ambaye naye hajalala.

Lakini matatizo ya aina hii mara nyingi chanzo chake ni vitu viwili ambavyo mtu ameviandika kwenye faili la mipangilio: njia ya faili na kache. Mimi nasoma Elimu, si kompyuta, na nawahakikishia wanachuo wenzangu kwamba vyote viwili vinaeleweka bila kuwa fundi. Tena inatupasa tuvielewe, maana vikikosewa kinachopotea ni nyaraka zetu na kinachovuja ni siri zetu.

Faili lako linalala wapi?

Tuchukue mfumo ulioandikwa kwa Java. Mfumo wa namna hii hukaa ndani ya programu nyingine inayouhudumia, na mojawapo inayojulikana sana ni Tomcat. Tomcat ina folda inayoitwa webapps. Fundi akimaliza kazi yake anafunga mfumo mzima kwenye furushi moja, faili linaloishia na .war, analiweka humo, Tomcat inalifungua na kazi inaanza.

Sasa barua yako ya fildi ikipandishwa inakwenda kukaa wapi? Fundi mwenye haraka ataielekeza humohumo, ndani ya folda ya mfumo. Siku ya kwanza kila kitu kiko poa. Miezi mitatu baadaye analeta toleo jipya. Tomcat inaondoa folda ya zamani na kufungua furushi jipya mahali pake. Furushi hilo lina kodi, nembo na kurasa, lakini barua yako haimo, kwa sababu haikuwahi kuwa sehemu yake. Ni kama mwalimu anayetunza karatasi za mitihani kwenye darasa ambalo kila likizo linabomolewa na kujengwa upya. Hifadhidata bado inalikumbuka jina la faili, ila ukibonyeza hupati kitu.

Dawa yake ni kutenganisha nyumba ya mfumo na ghala la nyaraka. DSpace inaonyesha vizuri jinsi ya kufanya hivyo. Hii ni programu ya Java ya kutunzia tasnifu na machapisho, iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT cha Marekani pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. Makerere na Chuo Kikuu cha Nairobi ni miongoni mwa vyuo vilivyoitumia kwa hazina zao. Kwenye DSpace, fundi anaandika mara moja tu kwenye mipangilio mfumo umewekwa wapi:

dspace.dir = /dspace

Ghala la mafaili, linaloitwa assetstore, linatajwa kwa kuanzia hapo. Kila tasnifu inayoingia inapewa namba ndefu, na tarakimu sita za mwanzo ndizo zinazoonyesha folda yake. Namba ikianza na 123456, faili litakuwa ndani ya assetstore/12/34/56. Jina halisi la tasnifu na la mwandishi yako kwenye hifadhidata. Kwa hiyo anayetunza nakala ya akiba ni lazima achukue vyote viwili. Ukiwa na ghala bila hifadhidata, una rundo la namba usizojua ni za nani. Ukiwa na hifadhidata bila ghala, una orodha ya vitu ambavyo havipo.

Mitego ya njia

Kuna mitego mingine mitatu, na yote inachekesha mpaka ikukute.

Wa kwanza ni njia isiyo na mwanzo. Fundi akiandika nyaraka/barua tu, ni sawa na kumwelekeza mgeni "kata kushoto, nyumba ya tatu" bila kumwambia aanzie wapi. Java itaanzia kwenye folda ambamo programu iliwashwa. Fundi akiiwasha kwa mkono, inaanzia mahali pamoja. Umeme ukikatika usiku na seva ikajiwasha yenyewe, inaweza kuanzia pengine. Asubuhi mafaili "yamepotea", kumbe yapo, ila yanatafutwa mtaa mwingine. Njia kamili, inayoanza na / kwenye Linux, inaondoa utata huu.

Wa pili ni herufi. Kwenye Linux, Barua.pdf na barua.pdf ni mafaili mawili tofauti. Kwenye Windows kwa kawaida ni moja. Mfumo uliojaribiwa kwenye laptopu ya Windows unaweza kufika kwenye seva ya Linux ukakosa faili ambalo liko mbele ya macho yake.

Wa tatu naupenda zaidi. Katika faili la mipangilio la Java, lile linaloishia na .properties, mkwaju unaolala kinyumenyume una maana maalumu. Mtu akiandika C:\nyaraka, Java inasoma \n kama amri ya kuanza mstari mpya, na "yaraka" inabaki peke yake chini. Akiandika D:\tasnifu, \t inageuka kuwa nafasi pana na "asnifu" inafuata. Suluhisho ni kuandika C:/nyaraka, na Java itaelewa hata ikiwa kwenye Windows.

Kache: kumbukumbu inayookoa na kuponza

Kache ni nakala inayowekwa karibu ili isifuatwe mbali kila mara. Ukifungua mfumo mara ya kwanza, kivinjari chako kinashusha nembo ya chuo na kuitunza. Mara ya pili kinatumia iliyopo. Piga hesabu: nembo ya KB 200, wanafunzi 5,000 wanaoingia saa moja. Bila kache, kila mmoja akifungua ukurasa mmoja tu, seva imeshatoa karibu GB 1 kwa ajili ya nembo peke yake. Hapo bando lako na seva vyote vinaumia.

Shida inaanza pale ukurasa wa matokeo unapotunzwa kama nembo. Seva inapotuma kitu, inaambatisha maelekezo yanayoitwa Cache-Control. Ikisema max-age=604800, maana yake tunza kwa sekunde 604,800, yaani wiki moja. Muda huo unafaa kwa vitu visivyobadilika-badilika, kama nembo. Lakini namba hiyo ikibandikwa kwenye matokeo, aliyechungulia Jumatatu kabla hayajatoka anaweza kuendelea kuona ukurasa mtupu hadi Jumatatu nyingine, wakati mwenzake aliyefungua Jumanne kwa mara ya kwanza anaona kila kitu. Wote wawili wanasema kweli.

Kuna maelekezo matatu ya kuyajua. no-cache haimaanishi usitunze. Maana yake tunza, lakini uliza seva kwanza kabla ya kutumia. private inaruhusu kivinjari cha mtumiaji peke yake kutunza, si mashine ya katikati inayohudumia watu wengi. no-store ndiyo inayosema usitunze kabisa.

Tofauti hii si ya kitaalamu tu. Mashine ya katikati ikitunza ukurasa wa matokeo kwa kufuata anwani yake tu, mwanafunzi wa pili anayefungua anwani hiyohiyo anaweza kuletewa alama za wa kwanza. Na kwenye maabara ya kompyuta, ambako tunapokezana kiti, anayekuja baada yako anaweza kubonyeza kitufe cha kurudi nyuma akaona sapu zako, namba yako ya simu na deni lako la ada. Kurasa za mtu binafsi zinastahili no-store.

Tufanye nini?

Ukiona ukurasa wa zamani, bonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja, au fungua dirisha la faragha. Likija jipya, tatizo lilikuwa kache ya kivinjari chako. Likija lilelile, tatizo liko mbele zaidi, kwa hiyo ripoti ukitaja saa, anwani ya ukurasa na ulichokiona. "Mfumo umegoma" haimsaidii fundi hata kidogo. Kwenye mashine ya maabara, toka kwenye akaunti kisha funga kivinjari chote. Na barua yoyote uliyopandisha, baki na nakala yako.

Kwa ma-CR na viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, kwenye kikao kijacho na kitengo cha TEHAMA ulizeni maswali matatu. Nyaraka tunazopandisha zinakaa nje ya folda ya mfumo? Ghala na hifadhidata vinatunziwa nakala pamoja, na kuna aliyewahi kujaribu kuzirudisha? Kurasa za matokeo na ada zina no-store? Majibu hayahitaji bajeti. Swali la kwanza na la tatu hujibiwa kwa kufungua faili la mipangilio na kusoma mistari michache, na la pili kwa kufanya jaribio moja kabla fildi haijaanza.