Madondo, Kikwapa na Redio ya Kwa Meli

Cheki kava ya hii albamu kwanza. Roger Daltrey, mwimbaji wa bendi ya The Who, amekalia madondo ya Heinz kwa bafu, supu ya nyanya imemfunika, na amekumbatia mkebe mkubwa kuliko kichwa yake. Pembeni Pete Townshend, yule msee wa gitaa, ako kifua wazi akijipaka Odorono kwa kwapa, stiki saizi ya mtoi. Ukigeuza nyuma, Keith Moon wa madramu anapigana na chunusi akitumia tyubu kubwa ya Medac, halafu John Entwistle wa besi amevaa ngozi ya chui, dame wa bikini kando, ati ni matunda ya Charles Atlas, yule buda alikuwa anauzia wasee misuli kwa posta. Daltrey ameshow watu miaka mob vile hayo madondo yalikuwa yametoka friji na yakamwachia nimonia. Sijui kama daktari angekubali, lakini stori ni tamu.

Albamu inaitwa The Who Sell Out, yaani tumejiuza, na ilidondoka Uingereza Disemba 1967. Ndani, ngoma za ukweli zimechanganywa na matangazo fake na vijingo vya redio, zile nyimbo fupi za kutaja jina la stesheni. Vijingo hazikuwa fake. Zilitoka Radio London, wenyewe wakiiita Big L, na hapo ndipo utani unageuka kuwa kitu ingine.

Enzi hizo, ndani ya Uingereza redio ilikuwa ni BBC tu, na BBC ilikuwa inapea vijana ngoma kwa kijiko. Kwa hivyo wajanja wakapeleka redio baharini. Radio Caroline ilianza 1964, na mwisho wa mwaka huo huo Big L ikawaka kutoka kwa meli ya Galaxy, kitambo ilikuwa ya wanamaji wa Marekani, ikatia nanga nje ya pwani ya Essex kwenye sheria ya nchi haikuwa inafika. Walitoa swag ya redio za Marekani mzima mzima: madijei wa mdomo mingi, ngoma kali zikifuatana, na vijingo vilivyopikwa na PAMS, kampuni ya Dallas. Chapaa yote ilitoka kwa matangazo. Hakukuwa na leseni ya kulipia wala mlipa kodi wa kusumbua.

Gava ilijua hivyo poa sana. Sheria yao ya 1967 haikutuma manowari kuzamisha meli. Ilifanya iwe kesi Mwingereza kufanya mboka huko, kupelekea hao wasee dishi ama mafuta, na hata kuwalipia tangazo. Ukikata tangazo umekata oksijeni. Agosti 14, saa tisa mchana, Big L ikazima mitambo kabla sheria ianze kuuma usiku wa manane. Septemba 30 BBC ikafungua Radio 1, ikachukua madijei wa meli kama Tony Blackburn na John Peel, na bado ikaitisha vijingo kutoka PAMS. Ilibeba kila kitu isipokuwa matangazo.

So hii albamu ni matanga. Wasee walikuwa wanalilia redio yao, na walijua ukiitoa matangazo haitakuwa yenyewe. Kuna kitu noma hapo: tangazo unalichukia likiwa hai, halafu likipotea unagundua lilikuwa limeshika masaa yako yote ya utoto. Kila msee aliyelelewa na redio ya mathe jikoni anajua hiyo fili.

Ngoma yangu ni Odorono. Dame anaangusha shoo safi, bigi wa muziki anavutiwa, anakuja karibu, halafu kikwapa kinamaliza kila kitu. Townshend angeweza kuifanya kichekesho cha sekunde kadhaa. Badala yake akaipa melodi ya huzuni, ukajipata unamwonea dame huruma kabla ukumbuke unauziwa dawa ya jasho.

Na hiyo formula haikuwa yake. Odorono ni brand ya ukweli, ilisukumwa na Edna Murphey wa Cincinnati mwanzo wa karne iliyopita, akiuza dawa ambayo budake, daktari wa upasuaji, alitengeneza ya kuzuia jasho kwa mikono. 1919 mwandishi wa matangazo James Webb Young aliandika tangazo la kushow madame ati wanaweza kuwa wananuka na hakuna beste atawaambia. Wasomaji kama 200 walikasirika wakaacha kulipia jarida lililolichapisha. Mauzo nayo yakapaa. Charles Atlas alicheza hiyo hiyo: jamaa mwembamba anamwagiwa mchanga biichi mbele ya mresh wake, so nunua kozi. Kuchoma msee kwanza, dawa baadaye. Filta za picha za siku hizi hazijavumbua kitu.

Kuna place albamu inaniangusha. Ukiwa ndani ya side B, matangazo yanaisha kimya kimya, kama wasee waliishiwa na taimu ama hamu, na ile ndoto ya redio inapasuka.

Kuhusu kujiuza, bendi haikuwa inabonga kuhusu watu wengine. Mwaka huo huo wa 1967 ilikuwa imerekodi matangazo ya Coca-Cola, ya ukweli, ya kulipwa. Baadaye ngoma yao Who Are You ikawa ndio inafungua CSI, series ya upelelezi kwa TV, kuanzia 2000, na kuna watoi waliijua kama wimbo wa maiti na darubini kabla wajue ni ya bendi. Mafans wengine wa kitambo hukasirika wakiskia hivyo. Mimi naona waliandikiwa kwa kava, herufi kubwa, na bado wakanunua.

Ukiitafuta, anza na side A, skiza mfululizo, na usiruke vile vijingo vya sekunde kumi hata kama app yako umeilipia ikutolee matangazo.