Gitaa Likichubuka

Ajali yenyewe huwa ndogo. Gitaa limeegemezwa ukutani, mtoto anapita mbio, linateleza na kugonga ukingo wake kwenye sakafu ya simenti. Nyuzi zote zinavuma kwa pamoja, kisha kimya. Mwenyewe analiokota, analigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, na pale chini, karibu na kitufe cha kufungia mkanda, analiona jeraha: rangi imebanduka kipande cha ukubwa wa punje ya dengu, na mbao inachungulia. Sauti haijapungua hata kidogo, lakini moyo umeshaumia.

Madhara makubwa huja baadaye, mtu anapokimbilia msasa, au kopo la vanishi lililobaki baada ya kupaka milango. Kabla ya kugusa chochote kuna swali moja la kujibu: gitaa hili limevikwa ngozi gani? Likijibiwa vibaya, punje ya dengu hugeuka kuwa sahani.

Ngozi za magitaa ni za namna nyingi, ila tatu ndizo kubwa. Kongwe ni shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa miti ya India na Thailand. Huyeyushwa katika spiriti na kupakwa kwa kitambaa, tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama pumzi kwenye kioo. Mafundi wa magitaa ya kiklasiki wanaitumia hadi leo. (Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina hisa yake katika historia ya vanishi. Sandarusi iliyochimbwa ardhini kwenye Mrima ilisafirishwa kutoka Zanzibar katika karne ya 19 hadi Salem, Marekani, ikatengenezwa vanishi ya samani na magari ya farasi, na ilihesabiwa miongoni mwa zilizo bora duniani.)

Ya pili ni laka ya nitroselulosi. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont iliingiza sokoni rangi iliyoitwa Duco, na General Motors wakaipaka magari yao ya Oakland. Kazi ya kupaka gari iliyokuwa ikichukua wiki kadhaa kwa vanishi za zamani sasa ilikwisha kwa muda mfupi, kwa sababu laka hukauka upesi. Haikupita miaka mingi, viwanda vya magitaa vikaifuata. Fender walipoanza kuuza magitaa ya rangi za pekee, walizichukua moja kwa moja kutoka kwenye magari: ile nyekundu iitwayo Fiesta Red ilikuwa ya Ford Thunderbird, na buluu ya Lake Placid ilikuwa ya Cadillac. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Fender walihamia kwenye polyesta, plastiki nene na ngumu, ambayo pamoja na ndugu yake poliyurethani ndiyo ngozi ya tatu. Magitaa mengi ya bei nafuu yanayouzwa madukani leo yamevikwa hiyo.

Kumbe gitaa la umeme ni binamu wa gari. Ndiyo maana vifaa vingi vya kulitengeneza havitafutwi kwenye duka la muziki, vinapatikana kwa wauza rangi za magari, kule Gerezani mjini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Fundi wa gereji anayesugua mlango wa teksi kwa msasa wa maji na kuumalizia kwa kompaundi ya kung'arishia anaifanya kazi ile ile, tofauti ni kwamba bati lake halivimbi likilowa.

Kuitambua ngozi si kazi ngumu. Huchaguliwa mahali pa siri, kwa mfano chini ya kitufe cha mkanda, au, kwa gitaa la umeme, ndani ya shimo la pikapu, yaani kinasa sauti cha nyuzi. Kijiti chenye pamba huchovywa kwenye spiriti na kuguswa hapo. Pakinata, ni shelaki. Pasiponata, hujaribiwa tina ya kuyeyushia rangi: laka italainika na kuacha rangi kwenye pamba, ilhali polyesta itabaki vile vile kama haikuguswa. Tone moja linatosha, na lifutwe mara moja.

Tuseme ni polyesta, maana mara nyingi ndiyo. Hapo dawa ya lile jeraha ni supaglu ya kawaida, ile nyepesi kama maji. Kwanza nyuzi hutolewa na gitaa hulazwa juu ya blanketi. Sehemu iliyoumia husafishwa kwa petroli ya kujazia viberiti vya utambi, maana mafuta ya vidole yakibaki, gundi haitashika. Tone la kwanza huwekwa kwa ncha ya kijiti cha meno. Linasambaa, linameremeta, linajaza pembe za kidonda. Kisha mtu anangoja. Hakuna kulipuliza, hakuna kuongeza la pili juu ya bichi, kwa kuwa gundi iliyorundikwa hukauka juu na kubaki mbichi chini, na pengine ikafanya ukungu mweupe. Matone manne au matano, kila moja kwa wakati wake, hadi kiraka kiinuke kidogo kuliko uso wa gitaa.

Sasa unakuja wembe. Ncha zake mbili huzungushiwa selotepu, katikati ukaachwa wazi upana wa kidole kimoja. Ule unene wa selotepu ndio ulinzi: wembe ukiburutwa umesimama wima, makali yanakwangua kiraka peke yake, na selotepu inateleza juu ya rangi nzima bila kuikwaruza. Unga mweupe unatoka kidogo kidogo. Kiraka kinaposhuka hadi karibu sawa, wembe huwekwa kando na msasa wa maji huchukua zamu, umezungushiwa kifutio cha penseli: namba 1000, kisha 1500, kisha 2000, maji yakiwa na tone la sabuni. Mahali pale panafifia na kuwa kama kioo chenye mvuke. Wengi hushtuka hapo wakidhani wameliharibu. Hawajaliharibu. Kompaundi na kitambaa laini cha pamba, kwa mzunguko wa polepole, hurudisha mng'ao wote.

Pana sehemu mbili za kuogopa. Moja ni ukingo, ambapo rangi ni nyembamba na msasa huila hadi mbao kabla mtu hajatambua. Nyingine ni matundu ya skrubu: maji yakipenya humo, mbao huvimba na kupasua rangi pembeni.

Laka na shelaki zina tabia ya upole ambayo plastiki haina. Tone la laka mpya huyeyusha kidogo ile ya zamani na kuungana nayo, kwa hiyo kiraka hakiwi na mpaka. Gharama yake ni subira, kwa sababu laka huendelea kusinyaa kwa wiki kadhaa. Ikisuguliwa siku ya pili itaonekana bapa, na mwezi ukiisha pataonekana bonde. Wakazi wa pwani wana shida ya ziada. Laka ikipulizwa wakati wa masika, unyevu wa hewa hunaswa ndani yake na kuifanya nyeupe kama maziwa. Kazi hiyo ingoje siku kavu, dirisha likiwa wazi, barakoa ya kuchuja kemikali usoni, na jiko la mkaa likiwa mbali kabisa. Mvuke wa tina hulipuka.

Wapo wanaong'arisha gitaa kwa dawa ya kupulizia dashibodi ya gari. Gitaa linang'aa kweli siku hiyo, lakini dawa nyingi za aina hiyo zina silikoni, nayo hujipenyeza kwenye kila ufa. Fundi atakayepaka laka juu yake miaka mitano baadaye ataona rangi ikikimbia na kuacha vishimo vya duara. Kitambaa chenye unyevu kidogo, kikifuatiwa na kikavu, kinatosha kwa usafi wa kila wiki. Gitaa lenye ngozi isiyong'aa lisiguswe na kompaundi hata kidogo, kwani litapata mabaka yanayong'aa ambayo hayatoki.

Kuna makovu yanayostahili kuachwa. Willie Nelson, mwimbaji wa Marekani, alinunua gitaa lake la Martin N-20 mwaka 1969. Ni gitaa la nyuzi za nailoni lisilo na ngao ya kukinga ubao wa mbele, na mkono wake umelichimba tundu la pili chini ya lile la sauti. Fundi wake, Mark Erlewine wa Austin, huimarisha mbao na kuipaka laka ili isiendelee kupasuka, lakini tundu amelihifadhi lilivyo. Kwa magitaa ya zamani yenye thamani jambo hili lina bei yake sokoni: wafanyabiashara huhesabu kwamba gitaa lililochunwa na kupakwa upya hupoteza karibu nusu ya bei.

Kwa upande mwingine, yapo yanayostahili kuponywa. Brian May alianza kutengeneza gitaa lake nyumbani na baba yake mwaka 1963, akiwa kijana wa shule, shingo yake ikiwa ya mbao ya mahogani iliyotoka kwenye meko ya zamani. Ndilo gitaa alilopiga katika kundi la Queen nyuma ya sauti ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. Mwaka 1998 lilikabidhiwa kwa Greg Fryer, fundi wa Australia, likakarabatiwa, na likarudi jukwaani.

Lile la sakafu ya simenti halina jina kubwa hivyo. Baada ya kompaundi, mwenyewe hulipeleka tena dirishani na kuliinamisha ili mstari wa mwanga upite juu ya ukingo. Mstari ukivunjika, kiraka bado kiko juu, na msasa wa 2000 unarudi kazini kwa dakika chache. Ukipita mzima, nyuzi hufungwa, gitaa huwekwa sauti sawa, na safari hii hutundikwa kwenye msumari mrefu uliozungushiwa kitambaa cha pamba, kwa sababu mpira hula laka, na ukutani juu watoto hawafiki.