Samaki Huonyesha Alichokula: Niliyoyaona Meru na Embu

Mtu wa pwani akiambiwa kuwa samaki hulishwa, hucheka. Kwetu sisi samaki ni riziki ya bahari. Hujitafutia mwenyewe, na kazi ya mvuvi ni kumfuata aliko. Changu na tafi hakuna aliyepata kuwatilia pumba. Lakini huko Meru na Embu, katika miteremko ya Mlima Kenya, nimewakuta watu wakijadili chakula cha samaki kama sisi tunavyojadili kaskazi na kusi. Jambo hili linastaajabisha zaidi ukikumbuka kwamba wazee wa huko hawakuwa walaji wa samaki hata kidogo.

"Sisi tuliambiwa samaki ni ndugu yake nyoka," alinieleza mama mmoja mzee wa upande wa Imenti, huku akitabasamu. "Sasa wajukuu wangu wanamla mpaka kichwa."

Mageuzi hayo hayakuja kwa siku moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wazungu walitia samaki aitwaye trauti katika mito ya baridi ya milima ya Kenya, lakini huyo alikuwa wa kuvuliwa kwa mchezo, si wa kitoweo cha wenyeji. Mwaka 1948 kikafunguliwa kituo cha samaki cha Sagana, mwendo mfupi kutoka Embu. Kishindo kikubwa kilikuja mwaka 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi. Kila kidimbwi kilikuwa na ukubwa wa mita za mraba 300, na ndani yake vikatiwa vifaranga 1,000. Huko Kanyakine, Imenti Kusini, kikajengwa na kiwanda cha kutayarisha samaki.

Kuchimba shimo na kulijaza maji kulikuwa kazi rahisi. Msaada wa chakula ulipokwisha, wakulima wakabaki wakitazamana na samaki wenye njaa. Vidimbwi vingine vikaachwa vikaota nyasi. Sababu yake ni nyepesi kueleza: katika ufugaji wa samaki chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote, na mara nyingi hupita nusu ya matumizi yote. Anayekosea kuchagua mfuko hupoteza shamba zima.

MIFUKO DUKANI

Katika duka moja la vyakula vya mifugo mjini Embu niliona aina tatu zimepangwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa pumba za mpunga, ambazo hupatikana kwa wingi kwa kuwa mashamba ya Mwea yako jirani. Ya pili ilikuwa mchanganyiko uliosagwa na kushindiliwa kuwa punje zinazozama. Ya tatu ilikuwa punje zinazoelea, na bei yake ilinifanya niulize mara mbili.

Pumba hushibisha, lakini hazijengi mwili. Protini iliyomo ni kama sehemu 12 katika 100. Tilapia mchanga huhitaji chakula chenye protini 35 hadi 40 katika 100, na akishakua humtosha kiasi cha 28 hadi 30. Ndiyo maana samaki wa pumba hudumaa, huzaana kabla ya wakati, na kidimbwi hujaa vijisamaki visivyonunulika.

Protini hiyo watengenezaji huitoa wapi? Zamani jibu lilikuwa moja: dagaa wa Ziwa Viktoria, ambao Kenya huitwa omena. Lakini omena ni chakula cha watu maskini, na kila gunia linalosagwa kwa ajili ya samaki wa kufuga limepungua katika sufuria ya mtu. Kwa hiyo siku hizi hutumiwa soya, ambayo sharti ipikwe au ikaangwe kwanza kwa kuwa mbichi huzuia usagaji wa protini tumboni, na pia funza wa nzi mweusi wanaofugwa juu ya mabaki ya vyakula.

Punje zinazoelea zina faida ambayo haikuandikwa juu ya mfuko. Mkulima huona samaki wakila, na huona pia walipoacha. Punje ikizama bila kuliwa huoza, na kuoza huko hula hewa ya majini. Alfajiri mwenye kidimbwi huwakuta samaki wake wakitwetea juu juu, au wameelea tumbo juu.

Tena usihukumu mfuko kabla ya kuhukumu maji. Tilapia hustawi katika maji ya joto la digrii 25 mpaka 30. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo na hakui. Basi chakula kile kile kitasifiwa na mkulima wa Mbeere au Mitunguu, kwenye joto, na kulaaniwa na mwenzake aliye juu mlimani penye ukungu. Mfuko haukubadilika, mahali ndipo palipobadilika.

RANGI NI JAMBO JINGINE

Mjini Meru kijana mmoja mwenye duka la simu ameweka tangi la kioo juu ya meza, na ndani yake samaki wa dhahabu. Aliniambia kuwa waliponunuliwa walikuwa wekundu kama machungwa yaliyoiva, na sasa wamepauka. Alikuwa akiwalisha punje za tilapia, kwa kuwa aliona wananenepa. Alishangaa: watanenepaje, na rangi iwakimbie?

Jibu lake lina maarifa ndani yake. Samaki hawezi kujitengenezea rangi nyekundu, ya machungwa na ya manjano. Rangi hizo hutokana na vitu viitwavyo karotinoidi, ambavyo asili yake ni mimea na viumbe vidogo vya majini, naye huvipata kwa kula tu. Korongo wa Ziwa Bogoria, wale heroe wenye rangi ya waridi, ni vivyo hivyo: wekundu wao hutoka katika mwani mdogo wa spirulina wanaouchuja majini. Kiini cha yai nacho huwa cha manjano zaidi kuku akila mahindi ya manjano. Kwa hiyo vyakula vya samaki wa urembo hutiwa spirulina, kamba waliosagwa, au astazanthini, ile ile inayotiwa katika chakula cha samaki aina ya samoni wa kufugwa ili nyama yake iwe nyekundu.

Buluu haitoki mfukoni. Huo ni mng'aro wa mwanga unaopiga vijiwe vidogo ndani ya ngozi ya samaki. Mfuko unaojisifu kuwa utazidisha rangi zote umeahidi zaidi ya uwezo wake. Tena samaki mwoga, aliyesongwa na wenzake au aliyekaa katika maji machafu, hupauka hata akilishwa nini.

Biashara ya vyakula hivi iliinuka miaka ya 1950, Ulrich Baensch wa Ujerumani alipotoa TetraMin, chakula kikavu cha vipande vyepesi kama karatasi. Kabla ya hapo wafugaji wa Ulaya walihangaika kutafuta viroboto maji na minyoo. Na katika matangi hayo ya Ulaya wamo wenzetu: samaki mdogo wa Unguja, ambaye wataalamu humwita Nothobranchius guentheri, mwenye magamba ya kijani na buluu na mkia mwekundu. Kwao huishi katika madimbwi ya mvua yanayokauka, na mayai yake hungoja matopeni mpaka masika.

SWALI LA WATU WA PWANI

Wasomaji wengi wataniuliza: chakula hicho ni safi? Swali ni la haki. Duniani vipo vyakula vya samaki vilivyotiwa damu iliyokaushwa ya machinjioni, na vidimbwi vingi hurutubishwa kwa samadi. Fiqhi ina mlango wake juu ya jalala, yaani mnyama alaye najisi, ambaye hufungiwa na kulishwa kilicho safi mpaka athari yake iondoke. Hukumu ya samaki nawaachia masheikh. Langu ni kusema kwamba muuzaji anapaswa kuulizwa kilichomo, na mfuko usioeleza kilichomo usinunuliwe.

Liko na la usalama. Mahindi na karanga vilivyohifadhiwa penye unyevu huota kuvu lenye sumu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika sehemu za Ukambani, ambazo ni majirani wa Embu. Samaki naye humwathiri ini. Chakula chenye harufu ya uvundo kitupwe, hata kama kilinunuliwa jana.

KUPIMA MIFUKO MIWILI

Mkulima mmoja wa Embu alinionyesha njia yake, nami naiona ni nzuri kwa kidimbwi na kwa tangi la sebuleni pia. Chukua samaki wa umri mmoja, wagawe sawasawa katika maji yaliyo sawa, uwape chakula cha uzito mmoja kwa saa zile zile. Wapime kwa mizani siku ya kwanza na siku ya thelathini. Rangi itazame kwa mwanga wa mchana, si wa taa ya dukani.

Kisha fanya hesabu. Tuseme chakula cha shilingi 100 kwa kilo chahitaji kilo 3 ili upate kilo moja ya samaki. Hiyo ni shilingi 300. Cha shilingi 160 chahitaji kilo moja na nusu. Hiyo ni shilingi 240. Kile kilichoitwa ghali ndicho rahisi. Wahenga walikwisha tuonya kwamba rahisi huvunja upishi.

Kwa hiyo mwenye kutaka kitoweo na aulize protini. Mwenye kutaka urembo na aulize spirulina na kamba. Na wote wawili waulize tarehe ya kutengenezwa, maana vitamini hupotea mfuko ukikaa sana. Muuzaji asiyejua majibu hayo, duka lake lina jirani.