Timu ya Wakimbiaji wa Enzi Zote: Tuiteue kwa Kipimo Gani?

Tuseme wanafunzi wa Kihanga, wilayani Karagwe, wanateua timu ya wakimbiaji bora wa Tanzania wa enzi zote. Je, saa yatosha kuwaamulia?

Mwaka 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Tangu mwaka 1998 rekodi ya dunia ni 3:26.0. Lakini viatu na mafunzo hubadilika. Afadhali kila mmoja apimwe kwa rekodi aliyoikuta. Igawe rekodi hiyo kwa muda wake, kisha zidisha kwa 100. Bayi, aliyeikuta 3:33.1, apata 100.4. Juma Ikangaa, mshindi wa marathoni ya New York mwaka 1989 kwa 2:08:01, aliikuta 2:06:50, apata 99.1.

Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025, alitumia 2:09:48. Kwa rekodi ya 2:00:35, apata 92.9 tu. Je, bingwa wa dunia aachwe? La hasha! Katika joto lile wakimbiaji walikuwa wakiviziana, naye akashinda kwa sekunde 0.03. Hesabu yetu hupima mwendo, haipimi ushindani.

Basi, kabla ya kuteua majina tuteue kipimo; na kabla ya kukiamini, tuulize ni nini kisichoweza kupimwa nacho.