Kodi Mbili za Vienna

Kila mwaka kitengo cha utafiti cha The Economist hutoa orodha ya miji inayokalika vizuri kuliko mingine. Hupima usalama, tiba, elimu, miundombinu, utamaduni na mazingira. Kodi ya pango haimo. Orodha za namna hii zilikusudiwa makampuni yanayotaka kujua yamwongezee posho kiasi gani mfanyakazi anayepelekwa ugenini, na mtu huyo mara nyingi hulipiwa nyumba. Ndiyo maana Melbourne iliweza kuongoza miaka 7 mfululizo, 2011 hadi 2017, huku vijana wake wakilia na bei za nyumba. Mji hupimwa vizuri zaidi kwa kuuliza kama muuguzi na dereva wa basi wanaweza kulala humo humo wanamofanyia kazi.

Kwa kipimo hicho, Vienna, iliyoongoza 2022 hadi 2024, inastahili sifa zake. Sisi huita kodi malipo ya serikali na ya mwenye nyumba pia. Vienna ilitumia ya kwanza kushusha ya pili. Mwaka 1923 msimamizi wa fedha za jiji, Hugo Breitner, alianzisha kodi ya ujenzi wa nyumba, mwenye jumba la kifahari akitozwa mara nyingi zaidi ya mwenye chumba. Kufikia 1934 zilikuwa zimejengwa nyumba zaidi ya 60,000. Jengo la Karl-Marx-Hof, la 1930, lina urefu unaopita kilomita 1 na lilikuwa na nyumba 1,382, sehemu za kufulia, chekechea na maktaba, na bado sehemu kubwa ya kiwanja ikaachiwa nyua na miti.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya matajiri. Lakini himaya iliyotawaliwa kutoka Vienna ilikuwa imesambaratika 1918, watu wana njaa, na kifua kikuu kikiitwa ugonjwa wa Vienna. Hoja nzito zaidi ni kwamba nyumba za umma hugeuka mitaa ya mafukara. Vienna ilikwepa hilo kwa kuweka kikomo cha kipato juu kiasi cha mwalimu na mfagiaji kupanda ngazi moja. Tena haikuziuza, kama Uingereza ilivyoanza kuwauzia wapangaji mwaka 1980: bado inamiliki takriban 220,000, na wenye nyumba binafsi hawana budi kushindana nazo.

Dosari ipo. Anayehamia leo hapati nyumba ya jiji hadi awe mkazi kwa miaka 2, na kwa wenye nyumba binafsi hukutana na mikataba mifupi na pango la juu. Jiji liliacha kujenga lenyewe mwaka 2004. Foleni ikarefuka, na mwaka 2015 likatangaza kurejea.